Kompyuta za Siku ya Wageni

Kila asubuhi Cheche aliamshwa na mlio wa cherehani. Mama yake alikuwa fundi wa kushona, na kibaraza cha chumba chao ndicho kilichokuwa kiwanda chake: cherehani ya miguu, kigoda, kamba ya kutundikia nguo zilizokwisha, na mfuko wa vipande vya vitambaa ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kuvitupa. Cheche alichota maji, akafagia nyuzi zilizodondoka chini, akanywa chai yake wimawima, kisha akabeba nguo za wateja walioishi kwenye njia ya kwenda shuleni, awapelekee.

Cheche halikuwa jina lake la kwenye rejista. Alibandikwa jina hilo na bibi yake, aliyekuwa akisema kwamba mtoto huyu hahitaji kiberiti ili awake. Shuleni alikaa dawati moja na rafiki yake, msichana mwembamba kama ufito ambaye kila mtu alimwita Njiti. Mama yake Njiti alibeba mizigo sokoni. Wanafunzi wa darasa la sita walipenda kutania: Cheche na Njiti wakikaa pamoja, iko siku shule itaungua.

Siku hiyo somo la kwanza lilikuwa kompyuta. Mwalimu wa sayansi, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, alichora kwa chaki mstatili mkubwa ubaoni. Ndani yake akachora vijisanduku vingi, na katika kila kijisanduku akaandika herufi moja.

"Haya, wekeni vidole juu ya madawati," alisema. "Sasa bonyezeni herufi M."

Darasa zima likagonga mbao. Ko! Ko! Ko!

"Mwalimu," Njiti aliita, "yangu imezimika!"

Watoto waliangua kicheko. Mwalimu naye alitaka kucheka, lakini alitupa jicho mlangoni, akajizuia.

Cheche hakucheka. Aliinua mkono. "Mwalimu, kwani zile za kweli ziko wapi?"

Swali hilo kila mtu alijua jibu lake. Mwaka uliopita lori lilileta shuleni maboksi mengi ya kompyuta ndogo za bei nafuu. Wafadhili waliotoa walisema zimetengenezwa kwa ajili ya watoto ambao wazazi wao hawana uwezo wa kuzinunua. Hotuba zilitolewa, makofi yakapigwa, picha zikapigwa. Baada ya hapo maboksi yaliingizwa stoo, mlango ukatiwa kufuli, na tangu hapo hakuna mwanafunzi aliyeziona.

"Ziko mahali salama," mwalimu alijibu polepole.

"Salama dhidi ya nani, mwalimu?"

Mwalimu alifuta ubao ingawa alikuwa hajamaliza. "Dhidi yenu nyinyi," alisema bila kumtazama.

Wakati wa paredi ya mchana, mwalimu mkuu alipanda juu ya jukwaa la saruji. Alikuwa mtu mnene, nadhifu, mwenye desturi ya kuongea huku akizungusha saa yake mkononi.

"Ijumaa tunapata ugeni mzito," alitangaza. "Waliotupa kompyuta wanakuja kuona mnavyozitumia. Sitaki aibu. Tumesikilizana?"

"Ndiyo, mwalimu!" shule nzima iliitika.

Baadaye aliingia darasa la sita kuchagua watakaokaa mbele ya wageni. Alipita kati ya madawati kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Alimgusa Cheche bega. "Wewe. Una sauti nzuri. Utasema hivi: 'Kila siku tunajifunza kwa kompyuta. Tunawashukuru sana.' Sema."

Cheche alisema. Maneno hayo yalimkwaruza koo kama mkate mkavu.

Mwalimu mkuu alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akakunja uso. Gauni la Cheche lilikuwa limeshonwa na mama yake, kola imesimama, mishono imenyooka, pindo refu kwa ajili ya mwaka ujao. "Hapana," alisema. "Huyu anaonekana kama mtoto wa watu wenye nazo. Wageni wanataka kuona watoto maskini." Akamgeukia Njiti, ambaye gauni lake lilikuwa limepauka na kuachia chini ya kwapa. "Nyinyi wawili, Ijumaa mtabadilishana magauni. Wewe Cheche utavua na viatu. Na wewe mwembamba utakaa nyuma kabisa. Hujui kusema vizuri."

Njiti aliinamisha kichwa. Masikio ya Cheche yaliwaka moto.

Jioni alimsimulia mama yake yote. Mguu wa mama ulisimama juu ya pedali.

"Gauni langu limekosa nini?" mama aliuliza.

"Ni zuri mno, mama. Ndilo kosa lake."

Mama alishika kitambaa kilichokuwa mbele yake, akakiachia, akakishika tena. Cheche aliona mishipa ya shingo yake imemtoka. Lakini aliposema, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Nisikilize, mwanangu. Sare zote za shule ile nazishona mimi. Kazi hiyo nimepewa na mwalimu mkuu, na anaweza kumpa fundi mwingine kesho asubuhi. Vaa gauni atakalo. Sema anachotaka. Siku moja si mwaka. Funga domo, tule."

Cheche alifunga domo. Lakini alilala akiwa ameuma meno.

Kesho yake baada ya masomo alitumwa kupeleka mapazia nyumbani kwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Ilikuwa nyumba yenye geti la chuma na sakafu ya marumaru. Mke wa mwenyekiti alimfungulia, akamwambia angoje sebuleni wakati yeye akipima mapazia dirishani.

Juu ya zulia alikaa mtoto wao mdogo, ambaye hata shule alikuwa hajaanza. Mapajani alikuwa na kompyuta ndogo ya kijani. Kwenye kifuniko, mahali palipobandikwa jina la shule, palikuwa pamekwanguliwa kwa kisu, lakini herufi za mwisho zilikuwa bado zinasomeka. Mtoto alikuwa akitazama katuni. Kibakuli cha uji kilikuwa juu ya vibonyezo, na uji mwingine ulikuwa umekwisha kupenya katikati ya herufi.

Cheche alipiga magoti ili aondoe kibakuli.

"We! Usishike!" mke wa mwenyekiti alifoka.

"Shikamoo, mama. Samahani. Uji unaingia ndani. Na hii ni ya shule."

"Ni ya shule, nani kakataa? Tumeazimwa. Mwalimu mkuu mwenyewe kampa baba yake, na wanakamati wengine nao wamepata. Kuliko zioze huko stoo." Alicheka, wala si kwa ubaya; alicheka kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi. "Na hata mkipewa, mtazifanyia nini? Kwenu hata umeme hamna."

Cheche alipokea ujira wa mama yake, akashukuru kama alivyofunzwa, akatoka. Nje ya geti alisimama akishika ukuta. Alitaka kupiga kelele, akaikumbuka kazi ya sare. Alipofika nyumbani hakusema neno, na mama, aliyekuwa na sare nyingi za kumaliza, hakumuuliza.

Ijumaa ilifika. Asubuhi na mapema, nyuma ya vyoo, Cheche na Njiti walibadilishana magauni. Njiti alipapasa kola mpya, akapitisha kidole kwenye mishono.

"Linanikaa vizuri?" alinong'ona.

"Linakukaa sana," Cheche alisema, akageuka upande ili rafiki yake asiyaone machozi yake. Yalikuwa machozi ya hasira.

Darasani kompyuta zilikuwa zimepangwa juu ya madawati, moja moja, zikiwa zimefunguliwa. Vioo vyote vilikuwa vyeusi. Mwalimu mkuu alikuwa ametoa amri: "Wekeni vidole juu, tabasamuni, msibonyeze kitu."

Wageni waliingia pamoja na mwenyekiti. Mmoja wao alikuwa mama mwenye nywele nyeupe, mwalimu mstaafu, aliyejifunza Kiswahili ukubwani na kukisema taratibu kama mtu anayetembea na viatu vipya vinavyombana. Kamera zilimulika. Mwalimu mkuu alimwashiria Cheche.

Cheche alisimama, miguu yake peku juu ya saruji baridi. "Kila siku tunajifunza kwa kompyuta," alianza.

Yule mama akatabasamu, akaja akaketi kando yake. "Vizuri sana! Nionyeshe, mjukuu wangu. Wiki hii mmejifunza nini?"

Cheche alimtazama mwalimu wa sayansi. Mwalimu alitazama chini. Alimtazama mwalimu mkuu. Yeye alikuwa anazungusha saa. Alitazama nyuma ya darasa, alikofichwa Njiti. Mwisho akamtazama mgeni, ambaye alikuwa angali anangoja, uso wake umejaa imani.

"Wiki hii tumejifunza ubaoni," Cheche alisema. "Mwalimu alichora kompyuta kwa chaki, sisi tukagonga madawati. Hii nimeigusa leo kwa mara ya kwanza. Sijui hata inawashwa wapi. Wala gauni hili si langu. Nimeambiwa nilivae ili nionekane maskini."

Hakuna mtoto aliyesema hata neno moja la kumuunga mkono. Hata Njiti hakusema.

"Wageni wetu," mwalimu mkuu alidakia, akicheka kwa meno tu, "mtoto huyu ana maradhi kidogo ya kichwa. Tunamvumilia. Twendeni tukapate vinywaji ofisini."

Wageni walitazamana, wakanyanyuka, wakaondoka. Yule mama mwenye nywele nyeupe aligeuka mlangoni mara moja, kisha naye akatoka.

Walipokwisha kwenda, mwalimu mkuu alirudi akimnyooshea Cheche kidole. "Toka shuleni kwangu! Usikanyage hapa mpaka mama yako aje kuniomba radhi mbele ya paredi. Na umwambie sare za muhula ujao atashona mwingine!"

Cheche aliposimulia hayo nyumbani, mama aliinuka kwenye kigoda kwa ghadhabu.

"Nilikwambia nini? Nilikwambia nini, wewe mtoto? Umenimwagia unga wangu mchangani! Tutakula hiyo kweli yako?"

"Mama, zile kompyuta wamegawana!" Cheche naye alipaza sauti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mama yake. "Nimeiona moja kwa mwenyekiti, mtoto wao anailia uji. Mkewe akaniambia sisi tutazifanyia nini, kwetu hata umeme hatuna!"

Mama alikuwa ameinua mkono. Mkono ukabaki hewani.

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo, mama. Huku anacheka."

Mama aliketi. Kisha alivua utepe wa kupimia uliokuwa shingoni, akauweka juu ya meza, akajifunga khanga yake kiunoni.

"Vaa viatu," alisema. "Twende kwa mama yake Njiti."

Walikwenda kwa mama yake Njiti, na kutoka hapo wakaenda kwa muuza samaki, kwa kinyozi, kwa fundi umeme, kwa dobi. Hakuna nyumba ambayo mama hakuwahi kuishonea nguo, kwa hiyo hakuna mlango uliofungwa. Kila mahali alimwambia Cheche arudie yale aliyoambiwa sebuleni kwa mwenyekiti. Kila mahali watu walianza kusema wote kwa pamoja.

Jumatatu, wakati wa paredi, mwalimu mkuu alimwona mama Cheche anaingia getini, akajinyoosha tayari kuombwa radhi. Halafu akaona walio nyuma yake. Uwanja ulijaa wazazi.

"Sikuja kuomba radhi," mama alisema. "Nimekuja kuomba ufunguo. Fungua stoo."

"Mama, huu ni uvunjaji wa taratibu. Ufunguo hauko kwangu. Uko kwa mwenyekiti."

"Basi aitwe!" alipiga kelele mama yake Njiti, mwanamke mwenye mabega mapana kama mlango. "Akishindwa kutembea, nitambeba. Ndiyo kazi yangu."

Watu walicheka, lakini kilikuwa kicheko chenye makali. Hakukuwa na haja ya kumbeba mtu. Gari liliingia uwanjani, na ndani yake alikuwamo mwenyekiti mwenyewe, uso umemshuka, pamoja na afisa elimu na yule mgeni mwenye nywele nyeupe. Maneno ya Cheche hayakumtoka mgeni huyo moyoni. Ndiye aliyekwenda ofisi ya elimu kuuliza.

Kufuli likafunguliwa. Vumbi lilitoka kwanza, ikafuata harufu ya panya. Baadhi ya maboksi yalikuwa hayajawahi kufunguliwa. Yalikuwa na gundi yake ya kiwandani. Mengine yalikuwa matupu, yamepangwa mbele ili stoo ionekane imejaa.

"Eleza," afisa elimu alimwambia mwalimu mkuu.

Saa ilizunguka mkononi. "Mheshimiwa, niliogopa zisije zikaharibiwa. Shule niliyotoka vitabu viliibwa, nikakatwa mshahara. Hawa ni watoto. Wangezivunja siku ya kwanza, na saini ni yangu."

"Pole kwa mshahara," mama Cheche alisema. "Lakini niambie, mwalimu. Uliogopa wezi, kisha ukaenda kuwagawia mwenyekiti na kamati yake?"

Uwanja ulilipuka. Mwenyekiti alijaribu kusema habari za kuazima, akazomewa mpaka akakaa chini.

Ndipo mwalimu wa sayansi alipojitokeza. "Na mimi nina lawama," alisema. "Nilijua. Niliogopa kuhamishwa, nikawachorea watoto ubaoni. Na ukweli mwingine ni kwamba hata zingetolewa, mimi sijafundishwa kuzitumia. Shule nzima ina soketi moja tu, iko ofisini kwa mwalimu mkuu."

Mgeni alishika kifua. "Hilo hatukulijua," alisema.

Mama Cheche alimgeukia. Watu walidhani atamshukuru. Haikuwa hivyo.

"Hamkulijua kwa sababu hamkuuliza, dada yangu. Mlileta mizigo, mkapiga picha, mkaenda zenu. Mimi nikimshonea mtu nguo, namvalisha nione inamkaa vipi. Siitupi dirishani kwake nikajisifu kwamba nimemvika. Hawa walificha, ni kweli. Lakini nyinyi mlikabidhi mkageuza kisogo. Asante tutakupa siku mtoto atakapozitumia."

Afisa elimu alikohoa kwa fedheha, lakini mgeni alitikisa kichwa kukubali. "Umesema kweli," alijibu. "Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, na nimesahau kuuliza swali la kwanza."

Mwalimu mkuu alisimamishwa kazi uchunguzi ukianza, na kamati ikavunjwa. Kompyuta zilizokuwa majumbani zilirudishwa mchana kweupe, watu wakitazama. Moja ilikosa kioo, nyingine herufi zake ziling'oka, na ile ya uji haikuwaka tena. Hata zilizokuwa stoo, nyingi betri zake zilikuwa zimekufa kwa kukaa bila kuchajiwa. Safari hii wafadhili hawakuleta maboksi mengine. Walilipia nyaya na soketi za chumba kimoja, ambazo fundi umeme, mzazi wa darasa la nne, alizifunga mwenyewe. Mwalimu wa sayansi akapelekwa mafunzoni wakati wa likizo.

Muhula ulipofunguliwa, darasa la sita liliingia chumba hicho kwa zamu, watoto watano kwa kila kompyuta. Mashine zilikuwa za polepole. Njiti alitafuta herufi ya kwanza ya jina lake mpaka wenzake wakaanza kuimba kumhimiza, na alipoipata akaibonyeza kwa nguvu hadi herufi moja ikajaza mstari mzima. Darasa lilicheka, na safari hii mwalimu alicheka nao.

Jioni hiyo Cheche alikaa kibarazani akimsaidia mama kukata nyuzi. Sare za shule zilikuwa zimerudi mikononi mwa mama, ingawa mke wa mwenyekiti na mashoga zake walikuwa wamehamia kwa fundi mwingine.

"Mbona umenuna?" mama aliuliza. "Si mmezipata?"

"Wale waliokuwa darasa la saba mwaka jana wamekwisha maliza, mama. Wao hawakuzigusa hata siku moja. Zilikuwa pale pale, upande wa pili wa ukuta. Nani atawarudishia?"

Mama alisimamisha cherehani. "Hakuna," alisema. "Kwa hiyo shika hili, mwanangu. Kitu cha watoto kikifungiwa wasikitumie, kimeibiwa, hata kama bado kiko ndani ya stoo. Na sisi wakubwa tulioona tukanyamaza, tulimshikia mwizi ngazi. Hasira si kosa. Kosa ni kukasirika jikoni, halafu ukifika mbele ya mkubwa unachekacheka. Mimi ndivyo nilivyokuwa."

"Lakini uliniambia nifunge domo."

"Nilikwambia, na nilikosea." Mama alivuta gauni lililokuwa mezani, akalinyoosha kwa kiganja. "Mtoto lazima awe na heshima, hilo sitalibadilisha. Ila siku nyingine nikikwambia unyamaze, niulize kwanza: mama, hii ni heshima, au ni woga? Nikishindwa kukujibu, sema."

Akakanyaga pedali, na kazi ikaendelea.